Karatasi ya Herufi Nene

Njombe,
14 Machi 1948

Dada yangu Dorika,

Kamwene sana. Natumaini barua hii inawakuta wazima wote hapo Makambako, wewe, shemeji Ezekia na Fidelia mwenye mapengo. Mimi sijambo. Kikohozi cha mvua kilinishika wiki mbili, lakini sasa kimeniachia, namshukuru Mungu.

Nina habari, na ukinicheka shauri yako. Tumepata herufi mpya hapa kwenye kiwanda cha chapa. Unazijua zile za madini ya risasi tunazopanga kila siku, ndogo kama punje za ulezi, zinazoniharibu macho. Hizi mpya ni za mti. A moja inajaza kiganja changu chote. Ni nene, dada, nene kupita kiasi, na kila herufi imesimama juu ya kibao cha mraba, na kichwani imewekewa kibao kingine kama hicho. Hakuna hata mahali pamoja pembamba. Nilipolifungua sanduku la kwanza nilikaa nikiishika M tu, mpaka Bwana wa chapa akaniuliza kama nimeiposa.

Yeye anasema kule kwao Ulaya herufi hizi ni za matangazo ya mnada na michezo, watu wazione wakiwa ng'ambo ya barabara. Sisi kazi ya kwanza tuliyoifanya nazo ni ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ile karatasi ya ugonjwa wa ng'ombe. Nimeipanga mimi peke yangu. Bwana wa chapa akasema nikiendelea hivi atanifanya msimamizi, maana mzee Tarsis anastaafu mwishoni mwa mwaka.

Karatasi moja itabandikwa kwenu, ukutani mwa duka la Mhindi. Ukipita usimame uitazame. Mwambie Ezekia ni kazi ya yule shemeji yake ambaye yeye husema hajui kushika jembe.

Ni mimi mdogo wako,
Kefa


Makambako,
25 Aprili 1948

Mdogo wangu Kefa,

Kamwene. Tumepokea barua yako na tumefurahi kwamba kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo. Fidelia jino moja limeota, limekaa upande, anafanana na wewe. Mahindi yamesimama vizuri ila nguruwe pori wanatusumbua.

Karatasi yako tumeiona. Nani asiyeiona? Mtu anaiona tangu kule daraja la mto. Ezekia alisimama mbele yake akaisoma mwenyewe neno kwa neno, NG'OMBE WASIVUKE BARABARA, na akarudi nyumbani amejaa furaha kama mtoto. Unajua macho yake, na darasa lake ni la pili tu. Barua zako ninamsomea mimi. Lakini hiyo aliisoma, na akasema shemeji yangu ameniandikia mimi.

Watu wameishika sana. Jumbe hakupiga hata mbiu. Elieza peke yake ndiye aliyejifanya kichwa kigumu, akavusha ng'ombe wake watatu kwenda kwa wakwe. Alikaa siku saba kifungoni boma, na ng'ombe mmoja walimpiga risasi. Tangu hapo hata watoto wanajua. Karatasi za herufi ndogo ni maneno, mtu anaweza kuyajadili. Karatasi ya herufi nene ni amri. Ilipokuja ya pili, ya kodi, wazee hawakusoma hata jina la mwezi, walikwenda tu kuuza kuku.

Kwa hiyo umekuwa mkubwa, Kefa. Mimi niliyekubeba mgongoni nikipalilia sasa nakuogopa.

Njoo wakati wa mavuno. Ezekia anasema atakufundisha jembe bure.

Dada yako,
Dorika


Njombe,
23 Mei 1948

Dada mpenzi,

Kamwene wewe na nyumba yako. Mimi mzima kabisa. Baridi imeanza mapema, asubuhi wino unaganda na tunauweka karibu na moto kabla ya kazi.

Barua yako niliwasomea wenzangu hapa, ile sehemu ya wazee na kuku, wakacheka mpaka mzee Tarsis akatoa machozi. Bwana wa chapa aliposikia naye alicheka.

Juzi alikuja Bwana mmoja anayeandikisha watu wa kwenda mashamba ya mkonge, upande wa Tanga. Anataka tangazo la Makambako, maana kambi ya kuwasubirisha watu iko kwenu. Aliniachia maneno mengi, ukurasa mzima, posho, blanketi, miezi. Akasema, yapange unavyoona, mradi watu waone. Dada, unadhani nilifikiri mara mbili? Nikavuta sanduku la herufi nene. Maneno yote hayakuenea, zile zinakula nafasi. Nikachagua: WANAUME WA MAKAMBAKO. KAZI YA MKONGE. KAMBINI 5 JUNI. Mengine nikayapanga chini kwa herufi ndogo za risasi, pamoja na yale ya kwamba ni kwa wapendao.

Ilipotoka mtamboni wote waliacha kazi wakaja kuitazama. Yule Bwana alinipa mkono mbele ya wenzangu. Sijawahi kupanga kitu kizuri namna ile, na sijui kama nitapanga tena.

Mkiiona mnikumbuke.

Mdogo wako,
Kefa


Makambako,
Jumapili, 6 Juni 1948
Kwa mkono wa Yonathani, dereva wa lori la mbao

Mdogo wangu Kefa,

Kamwene. Sisi wazima. Nisamehe, naandika haraka, Yonathani anapakia.

Karatasi yako ya mkonge imefika. Ezekia ameisoma, na wanaume wote wa huku kwetu wameisoma. Jana tarehe tano walikwenda kambini, kila mmoja na blanketi lake, hata Elieza, tena Elieza ndiye alitangulia. Jumbe tulimwuliza. Anasema yeye hajaletewa neno lolote, lakini hawezi kushindana na karatasi. Nilikwenda mimi mwenyewe dukani kusoma yale madogo ya chini. Watu wameshayashikashika, wino umeenea, sikuona kitu.

Ezekia naye yuko kambini, lakini hataki kwenda mkongeni. Mahindi yako shambani hayajavunwa, na mimi nina mimba ya miezi mitano, nilitaka nikwambie kwa furaha na sasa nakwambia hivi. Anasema, kama ni amri nitakwenda kama wenzangu, kama si amri nirudi nivune. Mtu hatoki kambini hivihivi kama ni amri, umeona ya Elieza.

Malori yanaondoka Jumamosi tarehe kumi na mbili. Mpaka siku hiyo hawajatia dole gumba kwenye mkataba, mtu anaweza kurudi kwake.

Wewe uliipanga karatasi, wewe unajua. Niambie neno moja tu. Ni amri au si amri? Yonathani atakuwa Njombe Jumanne na Jumatano anarudi. Mpe yeye jibu, hata kwa mdomo.

Dada yako,
Dorika


Njombe,
29 Juni 1948

Dada yangu Dorika,

Kamwene. Natumaini hamjambo. Mimi sijambo kidogo.

Barua yako imechelewa kunifikia, na kazi hapa zimekuwa nyingi, tunapanga kitabu cha nyimbo cha kurasa mia mbili. Baridi ni kali. Siku mbili zilizopita kulikuwa na theluji nyembamba juu ya majani, watu wanaita sakitu, viazi vya watu vimeungua.

Nimefurahi kusikia habari ya mtoto anayekuja. Jitunze, usibebe mtungi mzito wa maji. Mavuno yanaendaje? Nguruwe pori wamepungua?

Nitakuja nikipata ruhusa.

Mdogo wako,
Kefa


Makambako,
15 Agosti 1948

Mdogo wangu Kefa,

Kamwene. Sisi tupo.

Ezekia aliondoka na malori. Walikuwa wanaume arobaini na mmoja. Mahindi nilivuna mimi na Fidelia na mama wa Ezekia, na nusu tuliwaachia nguruwe kwa sababu mikono haikutosha.

Ameleta barua, karani wa shamba amemwandikia. Anasema wana namba, sasa wao ni manamba, na ya kwake ni mia sita na kumi. Anasema joto la huko si la binadamu na mbu wanaingia mpaka masikioni. Anamwambia Fidelia asitupe jino la pili, amwekee alione. Hakulalamika. Karani labda hakumruhusu.

Unasema barua ilichelewa. Yonathani aliniambia alikukabidhi mkononi Jumanne, mchana, ukiwa umevaa aproni ya kazi. Labda amemfananisha mtu mwingine.

Nataka kukuuliza jambo lingine. Amri ya ng'ombe ilibanduliwa baada ya miezi miwili, wakasema imekwisha. Hii itabanduliwa lini?

Dada yako,
Dorika


Njombe,
19 Septemba 1948

Dada,

Kamwene. Mimi mzima.

Kazi ya mkonge huwa ni miezi tisa. Hesabu tangu Juni, Machi atakuwa nyumbani. Miezi tisa si mingi, dada. Wengine walikwenda vitani miaka mitano wakarudi wamenenepa.

Nakutumia kitambaa cha mtoto na sabuni mbili kwa Yonathani. Sikuweza kuja, hakuna wa kunishikia kazi. Mzee Tarsis macho yamekwisha kabisa, sasa ninaangalia kila ukurasa mimi.

Kuvimba miguu ni kawaida ya mimba. Sijui kama umevimba, nimesikia tu kwamba wanawake huvimba.

Mdogo wako,
Kefa


Makambako,
12 Desemba 1948

Mdogo wangu Kefa,

Kamwene. Sisi hatujambo.

Mtoto alizaliwa tarehe kumi na saba Oktoba, mwanamume. Anaitwa Nahumu. Ana afya.

Ezekia amefariki tarehe tisa Novemba kwa homa. Barua imetoka shambani, imepitia kwa jumbe, imeandikwa namba mia sita na kumi, kisha jina likafuata. Wamezika huko. Waliokufa ni wanne mpaka sasa katika wale arobaini na mmoja. Sisi watu wa baridi damu yetu haiijui ile homa. Hatujui kama alipata habari ya Nahumu. Nilimwandikia, lakini barua huenda polepole.

Tulikaa msiba siku tatu bila mwili. Watu walikuja wengi, walikaa, waliimba, walikula, wakaenda. Mchungaji alisema vizuri. Walinitazama wakingoja nilie, na mimi nikawa nahesabu sahani. Sijalia bado. Nimekuwa kama mguu uliokaliwa, naugusa najua ni wangu lakini sisikii kitu. Nanyonyesha, nateka maji, nalala. Mama wa Ezekia ananiogopa.

Nilikutazamia siku ya pili na ya tatu. Yonathani alisema alikupa habari.

Karatasi bado iko ukutani kwa Mhindi. Jua limeitafuna pembeni.

Dada yako,
Dorika


Njombe,
9 Januari 1949

Dada yangu Dorika,

Kamwene, na pole. Pole ni neno dogo lakini sina kubwa.

Nimeianza barua hii mara nyingi. Leo ni Jumapili, chapa imefungwa, nimekaa humu peke yangu na nitaimaliza.

Haikuwa amri, dada. Haikuwa amri hata kidogo. Ilikuwa tangazo la mtu anayetafuta wafanyakazi, kama tangazo la mtu anayeuza shati. Maneno ya chini yalisema ni kwa wanaopenda, na asiyependa akae nyumbani kwake. Nilijua tangu kuyapanga. Nilijua pia watu wa kwenu wanavyozisoma herufi zile, kwa sababu wewe mwenyewe ulikuwa umeniandikia na mimi nilikuwa nimecheka. Hakuna aliyenilazimisha kuzitumia. Nilizitumia kwa kuwa ni nzuri, na nilitaka kuziona ukutani.

Barua yako haikuchelewa. Yonathani hakumfananisha mtu. Jumanne tarehe nane, kama saa saba mchana, alinipa mkononi, nikaisoma nimesimama kando ya mtambo. Nilikata kipande cha karatasi nikaandika: Si amri, arudi nyumbani. Nilikikunja. Halafu nikaanza kufikiri. Nikafikiri, Ezekia akirudi atawaambia wenzake, na watatoka wote. Yule Bwana atauliza nani kasema, watamwambia ni Kefa wa chapa. Bwana wa chapa atapoteza kazi za yule Bwana, na Bwana Shauri naye atasikia kwamba nimezuia watu wasiende kazini. Na mzee Tarsis alikuwa amebakiza miezi sita.

Jumatano asubuhi Yonathani alisimamisha lori hapa nje, hakuzima hata injini, akaniita. Nikatoka. Kile kipande kilikuwa mfukoni mwa aproni. Akaniuliza, iko wapi barua ya dada? Nikamwambia hakuna barua. Akauliza, na kwa mdomo je? Nikasema, hakuna. Akapiga honi akaenda.

Nilijiambia ni miezi tisa tu. Nilijiambia atarudi na blanketi jipya na maneno ya Kizigua. Huo ndio ukweli wote. Niliogopa, na sikuogopa kitu kikubwa, niliogopa kupoteza kiti.

Kiti nimekipata tangu tarehe mosi. Nimepewa ufunguo wa kabati ya herufi. Nakaa, watu wananiuliza, najibu. Sisikii raha wala sisikii uchungu, na hilo linanitisha kuliko uchungu. Msibani sikuja kwa sababu nisingeweza kukaa na watu wakanipa pole.

Ukitaka niwaambie wote, nitakuja nisimame mbele ya jumbe na mbele ya mama wa Ezekia niseme. Ukitaka niache kazi, nitaacha. Kwa ajili ya wale waliobaki huko mkongeni nimemwandikia barua Bwana Shauri, nimetia jina langu, nimesema walikwenda kwa kosa la karatasi na warudishwe. Sijajibiwa. Ukitaka unitukane, nitukane, nitafurahi kuona mwandiko wako.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Nilikuwa nausema msemo huo bila kujua.

Mdogo wako,
Kefa


Njombe,
13 Februari 1949

Dada,

Kamwene. Sijapata jibu. Yonathani anasema barua alikupa wewe mwenyewe, ulikuwa unapura ulezi, ukaiweka kifuani ukaendelea kupura.

Bwana Shauri amenijibu. Anasema walitia dole gumba wenyewe, mkataba ni mkataba, watarudi Machi. Bwana wa chapa aliitwa boma, akarudi, akaendelea na kazi. Ufunguo bado ninao.

Niandikie, hata neno moja.

Mdogo wako,
Kefa


Makambako,
27 Machi 1949

Kefa,

Kamwene. Sisi hatujambo. Nahumu anakaa bila kushikwa. Fidelia ana tetekuwanga lakini anaendelea vizuri.

Wanaume wamerudi Alhamisi, thelathini na watano, maana tangu Desemba wamekufa wawili tena. Elieza amerudi, macho yake yote yamekuwa ya njano. Alikuwa karibu na Ezekia mpaka mwisho. Anasema barua ya Nahumu ilifika, Ezekia alisomewa, alielewa, akacheka. Hilo nimelipokea.

Barua yako nimeisoma. Nilikawia kujibu kwa sababu nilikuwa natafuta hasira nikutumie, na sikuipata. Niliisubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke juu ya moto uliozimika. Sasa nimeacha kuisubiri, nakuandikia bila hiyo.

Usije kusimama mbele ya jumbe. Usiache kazi, itatusaidia nini? Mama wa Ezekia amezeeka, anaamini mwanawe aliitwa na Serikali, na hilo linampa heshima kwa wenzake. Mwache nalo.

Lakini umeniambia yako yote, na mimi nina yangu, hakuna anayeyajua.

Jumatano ile ya Juni Yonathani alirudi akaniambia, Kefa amesema hakuna barua, na kwa mdomo hakuna. Ijumaa jioni Ezekia alitoroka kambini akaja nyumbani. Akaniuliza, Kefa anasemaje? Nikamwambia hakujibu. Akafurahi. Akasema, basi si amri, ingekuwa amri angetuonya tusije tukafungwa. Akasema tena, mimi nabaki, kesho nitaanza kuvuna kule mtoni.

Nami nikamwambia hapana. Nikasema, Kefa namjua, nimemlea. Ingekuwa si amri asingemwacha Yonathani aondoke mikono mitupu, angekimbia hata kwa miguu kutuambia. Amenyamaza kwa sababu ni amri na hana la kutusaidia, na anaona aibu. Akabisha. Tulibishana mpaka chakula kikapoa. Nikamwambia, ukinipenda nenda, nisije nikajifungua wewe uko boma.

Alikuwa ameshakaa karibu na moto, Kefa, na koti ameshavua. Nikaliokota, nikamvalisha mimi, nikamfunga vifungo.

Dorika